Motokari za Wazazi Wetu: Zilifikaje Kalemie, na Kwa Nini Zinafia Uani



Katika mikutano yetu mambo matatu njo yanarudi kila mara. La kwanza ni parseli iliyokaliwa na mtu mwingine wakati tulikuwa ukimbizini. La pili ni makaratasi ya watoto waliozaliwa kambini. La tatu ni motokari ya papa. Mtu akisimama kusema la kwanza, watu wananyamaza. Akisema la pili, watu wanaitikia. Akisema la tatu, watu wanacheka.

Siye pia tulicheka zamani. Leo hatucheki tena, maana tumeona familia tano sita zikivunjika kwa ajili ya chuma kisichoweza kutembea hata hatua moja. Na tumeona familia moja ikipata parseli yake kwa sababu ya chuma hicho hicho. Kwa hiyo tumeona ni vizuri kuandika historia ya motokari hizi: zilitoka wapi, zilibakije, zinakufa namna gani, na tufanye nini na zile chache zilizobaki.

Kila mmoja wenu anajua moja. Kuna Land Rover iliyokaa juu ya mawe, haina mipira. Kuna Peugeot 404 ambayo kuku wanataga kwenye kiti chake cha nyuma. Kuna Volkswagen ya mviringo ambayo watoto wa kartie wanaifanya nyumba ya mchezo. Kuna kichwa cha lori la Mercedes, peke yake, kinamtazama mwembe. Zote zina mwenyewe, na karibu zote mwenyewe amekufa.

Zilifika kwa reli na kwa maji

Mji wetu, wakati ulikuwa ungali Albertville, ulizaliwa kwa reli na kwa ziwa. Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo ilifika hapa kwenye mdomo wa Lukuga mwaka 1915. Upande wa pili wa ziwa, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Kigoma mwaka mmoja mbele, 1914. Kati ya reli hizo mbili kulikuwa maji tu.

Kisha mwaka 1921 Wabeljiji na Waingereza walifanya mapatano. Wabeljiji wakapewa sehemu yao bandarini Dar es Salaam na nyingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wa Dar waliita mahali hapo Belbase. Mzigo wa Kongo ulishuka Belbase, ukapanda treni, ukashuka Kigoma, ukapanda meli, ukafika kwetu. Motokari nyingi za kwanza za mji huu zilipita njia hiyo. Kwa hiyo wenzetu waliokimbilia Kigoma mwaka 1998 walipita kinyumenyume njia ambayo motokari za wazazi wao zilipitia kuja.

Wakati wa ukoloni mtu mweusi alikuwa na kinga, yaani baiskeli, na hiyo pia ilikuwa heshima. Motokari ilikuwa ya mzungu, ya kampuni, ya misheni na ya wafanyabiashara wa kigeni. Baada ya 1960 mambo yalibadilika polepole. Karani wa reli, mwalimu mkubwa, mfanyabiashara wa samaki, mkubwa wa kiwandani, mmoja mmoja walianza kununua. Walinunua zile zenye nguvu ya njia zetu. Land Rover ilipendwa kwa sababu iliweza kwenda Nyunzu wakati wa mvua. Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, ilipendwa kwa sababu fundi yeyote alijifunza kuifungua. Volkswagen ilipendwa kwa sababu haina maji ya kupoza moteri, na mahali ambapo radiateri ikitoboka unakwama siku tatu, hilo si jambo dogo.

Somo la 1973

Historia ya urithi mbaya wa motokari kwetu ina tarehe yake: 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni vitapita mikononi mwa Wazairwa. Ikaitwa zaïrianisation. Nchi nzima watu walipewa maduka, magodauni na malori ambayo hawakuyajenga. Kwa Kifaransa waliitwa acquéreurs, yaani waliopata.

Wazee wetu wanakumbuka vizuri. Aliyepata duka aliuza vitu vilivyokuwa kwenye mbao, kisha hakuagiza vingine. Aliyepata lori aliliendesha mpaka lilipokataa, kisha akaliacha pale lilipokatalia. Hakuwa mjinga. Alipewa gari, lakini hakupewa mtu wa kuagiza vipuri Ulaya, wala mkopo wa benki, wala fundi aliyelizoea. Anayepewa gari bila vipuri amepewa miezi michache tu. Ilipofika 1976 serikali yenyewe ilikuwa imeshaanza kuwarudishia wageni mali zao, lakini malori mengi yalikuwa yamegeuka vyuma.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya motokari za wazazi wetu ziliingia nyumbani kwa njia hiyo: papa alinunua kwa bei ndogo gari iliyokufa mkononi mwa aliyepata, akakaa nayo Jumapili kwa Jumapili mpaka ikafufuka. Tulimwona akiwa chini yake, tukampelekea funguo namba kumi na saba. Ya pili, siye watoto tumekuwa acquéreurs wa papa. Tumepata. Hatukujenga.

Nzima ziliondoka, mbovu zilibaki

Miaka ya tisini iliingia na njaa. Mishahara ya reli ikachelewa, kisha ikapotea. Filtisaf, kiwanda chetu cha nguo, kikanyamaza. Motokari nyingi zilisimama kabla hata ya vita, si kwa kuharibika, bali kwa kukosa esansi, ile wenzetu wa Kigoma wanaita petroli. Papa aliifunika turubai akasema, "Tutaiamsha mambo yakitengenea."

Mambo hayakutengenea. Mwanzoni mwa 1997 jeshi la AFDL liliingia Kalemie. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza, na mji ukabadilisha mikono tena. Tulivuka ziwa kwa mitumbwi na kwa maboti, tukaenda Lugufu na Nyarugusu. Wengine walishuka kusini, wakafika Mwange na Kala kule Zambia. Kila vita ilipoingia mjini, kitu cha kwanza kilichotafutwa ni gari inayotembea. Iliyokuwa na batri na mipira ilichukuliwa siku ya kwanza, na hakuna aliyeiona tena.

Ndiyo maana motokari tulizozikuta tuliporudi ni zile zilizokuwa mbovu tayari. Ubovu wake uliziokoa. Gari ya jirani tajiri ilikuwa inawaka kwa mguso mmoja, na leo haina hata kaburi. Gari ya papa ilikuwa haina kabureta, na ilitungoja miaka kumi na moja.

Iliona mengi ikingoja. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 6.8, na nyumba zikaanguka hapa mjini. Kuta za garaji zilizolala juu ya motokari siku ile hazikuondolewa, maana wenyewe walikuwa ng'ambo. Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda, na gari zilizosimama karibu na maji ziliingiwa mpaka kwenye viti.

Kinachoua gari iliyosimama

Watu wanadhani gari inakufa kwa kutumika. Fundi wetu wa chama, mzee aliyejifunza kazi kwenye karakana za reli, anasema kinyume: gari inakufa kwa kulala. Tunaandika hapa anavyotufundisha, maana inafaa kwa kila mwenye chuma uani.

Esansi iliyobaki kwenye tanki haikai ilivyo. Sehemu yake nyepesi inaruka hewani, na inayobaki inakuwa gundi ya kahawia inayoziba matundu madogo ya kabureta. Nafasi tupu ndani ya tanki inavuta unyevu wa usiku, na tanki linaota kutu kwa ndani, mahali usipoona. Mafuta ya freni yanapenda maji. Yanayanywa kutoka hewani, na maji hayo yanakula vyuma vidogo vilivyo ndani ya magurudumu. Mipira inapasuka kwa jua upande mmoja na kulala bapa upande mwingine. Panya wanaingia chini ya viti na kutafuna nyaya. Ndani ya moteri, pete za pistoni zinashikana na ukuta wake, hasa kwenye ile ambayo valvu yake ilibaki wazi siku gari ilipozimwa.

Tuna bahati moja: maji ya Tanganyika hayana chumvi. Gari iliyosimama Mombasa au Dar inaliwa na upepo wa bahari kwa haraka kuliko ya kwetu. Lakini majani ya mwembe yakilundikana juu ya bodi na kushika maji, yanafanya kazi ya chumvi taratibu.

Land Rover inataka neno lake. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, vita ya dunia ilikuwa imetoka kuisha na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo bodi yake waliifanya kwa madini mepesi ya aluminiamu, na shasi ilikuwa ya chuma. Njo maana unaikuta Land Rover ya umri wa miaka sitini, mabega yake hayana kutu hata kidogo, lakini ukipiga shasi kwa nyundo, nyundo inaingia.

Hapo pana jambo la kuhuzunisha kidogo. Aluminiamu haiozi, lakini inapikwa. Wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria wanaitafuta kuliko kitu chochote. Mlango wa Land Rover, pistoni, ganda la giaboksi, vyote vinakuwa sufuria. Resori zinakuwa mapanga na majembe. Mipira inakuwa kandambili. Hatuwalaumu mafundi hawa, wanatulisha. Lakini tunaonya jambo moja: ganda la moteri ya Volkswagen ya zamani limechanganywa na magnesiamu. Likishika moto vibaya haliwezi kuzimwa kwa maji, maji yanaliongezea hasira. Msiwape watoto kazi hiyo.

Onyo la mwisho la fundi ni kwa anayerudi leo na kuikuta gari. Usilete batri ukaiwasha siku ile ile kwa furaha. Pete zilizoshikana zitavunjika, na utaua ulichokikuta hai. Toa buji kwanza. Mimina mafuta kidogo ndani ya kila tundu, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha moteri kwa mkono, polepole. Ikizunguka, kuna matumaini. Mwaga mafuta yote ya zamani, safisha tanki, tengeneza freni. Kuwaka ni jambo la mwisho kabisa.

Meli iliyopakwa grisi

Kuna chombo kimoja ziwani kwetu kinachotupa mfano. Wengi wenu mmekipanda.

Meli Liemba iliitwa kwanza Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye masanduku 5,000, ikapita baharini mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma. Huko ikaungwa tena, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa chombo kikubwa cha vita kuliko vyote ziwani, na iliwatisha Wabeljiji waliokuwa hapa kwetu Lukuga. Mwaka 1916 ndege za Wabeljiji, zile zinazotua majini, ziliruka kutoka upande wetu kwenda kuipiga bomu Kigoma.

Julai 1916 Wajerumani waliona lazima waondoke. Hawakutaka adui aichukue, lakini hawakutaka pia kuiua. Kwa hiyo mafundi walipaka moteri zake grisi nene kila mahali, wakajaza mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ilikaa chini ya maji miaka. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta moyo wake bado mzuri. Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Baadaye moteri za mvuke zilitolewa, zikawekwa za mazutu, lakini mwili ni ule ule.

Mwaka 1997 ilibeba zaidi ya wakimbizi 75,000 kutoka Kigoma kurudi Kongo kwa ajili ya shirika la UNHCR. Wamo wenzetu walioipanda safari ile, wakashuka, wakajenga, na mwaka uliofuata wakakimbia tena.

Meli hii ina umri kuliko motokari yoyote ya Kalemie, na ililala chini ya maji, si chini ya mwembe. Mbona ilifufuka? Fundi wetu anajibu hivi: walioiacha waliiacha kwa akili, na walioirithi walijua ni ya nani. Serikali moja iliamua, serikali moja ililipa. Hakukuwa na mabaraza ya ndugu kumi na wawili. Hata hivyo uzima wake haukuwa wa milele. Miaka ya karibuni ilisimama Kigoma, ikihitaji matengenezo makubwa. Chombo hakifufuki mara moja kikamaliza. Kila kizazi kinatakiwa kukifufua tena, na kulipa.

"Nataka kuuza hii mutuka"

Sasa tuwaambie habari ya mama mmoja mwanachama. Ametupa ruhusa, ila jina lake tunaliacha.

Baba yake alikuwa mtu wa reli. Alikufa Lugufu. Mwaka 2009, kambi ile ilipofungwa, mama huyu alirudi Kalemie na wadogo zake. Wakakuta parseli yao ina mtu. Mtu yule alisema aliinunua, na alikuwa na karatasi. Wao hawakuwa na karatasi ya kiwanja, iliungua. Walikuwa na kitu kimoja: carte rose ya Land Rover ya papa. Mama yao aliikunja ndani ya nailoni siku ya kukimbia, akaitunza kambini miaka yote hiyo pamoja na kadi ya mgao. Watu walimcheka: karatasi ya gari, na gari yenyewe haiko.

Lakini Land Rover ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya nyumba, haina mipira, haina kiti. Yule mtu alikuwa ameegemeza jiko lake juu yake. Siku ya kusikiliza shauri, wazee wa kartie waliulizwa kama wanaikumbuka parseli ya marehemu. Wakajibu, "Njo ile ya Land Rover." Wakaenda wote nyuma ya nyumba, wakapangusa kibati kidogo chenye namba ya shasi, wakasoma, wakalinganisha na carte rose. Namba ilikuwa moja. Yule mtu hakuweza kueleza kwa nini gari ya mtu mwingine imesimama miaka yote kwenye kiwanja chake. Shauri halikuisha siku ile, lakini siku ile njo lilianza kuinamia upande wao. Parseli walirudishiwa.

Kwa hiyo chuma kile kiliwarudishia nyumba. Na baada ya hapo, nyumba ilipokuwa yao, wakaanza kugombania chuma.

Baba yao mdogo, aliyebaki Kalemie vita yote, alikuja akasema, "Nataka kuuza hii mutuka." Wanachama wa hapa mmeshaelewa. Kwa Kiswahili cha kwetu kuuza ni kutoa pesa upate kitu, na kuitoa mali upate pesa ni kuuzisha. Mzee alitaka kuwalipa watoto wa kaka yake, aitengeneze, abebee samaki. Lakini vijana walikuwa wamekulia Lugufu, na Kiswahili cha Kigoma kinageuza neno lile. Walisikia kwamba baba mdogo anataka kupeleka gari ya papa sokoni. Wakakasirika. Wakamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Mzee naye akanuna, akaondoka, na alikuwa na haki ya kunung'unika. Ilichukua karibu mwaka mzima mtu mmoja kuwauliza wote wawili walikuwa wanasema nini.

Wakati huo kijana mmoja aliona kwenye simu kwamba Ulaya Land Rover za zamani zinauzwa kwa pesa nyingi. Hilo ni kweli kwa namna yake. Mwaka 2015, Paris, warithi wa tajiri mmoja wa malori, Roger Baillon, waliuza kwa mnada motokari karibu sitini zilizolala kwenye mabanda yake miaka mingi. Moja tu, Ferrari ya 1961, ilifika euro milioni 16. Lakini ile Ferrari ilikuwa ndani ya banda lenye mlango. Nyingine nyingi za mzee yule zilikuwa chini ya vibanda vya wazi, zikaoza. Na kutoka Paris kwenda Paris hakuna nauli ya meli. Kutoka Kalemie mpaka mnunuzi wa Ulaya, boti, treni, kontena na makaratasi vinakula bei yote kabla gari haijafika.

Ndoto ile iliwafunga mikono. Wakasema, "Tungoje yaya atoke Lubumbashi." Yaya akaja, akasema wangoje yule wa Zambia. Kila aliyengoja aliondoka na kitu kidogo: huyu taa, huyu radiateri, huyu usukani kwa kumbukumbu. Baada ya miaka tisa ilibaki bodi na shasi iliyooza. Wakauzisha bodi kwa mtu wa sufuria, na pesa ilitosha gunia la unga na kidogo. Mama yule alikwenda kwa fundi, akanunua sufuria moja. Anaipikia mpaka leo. Alipotueleza hakulia, alisema tu, "Ilitutolea nyumba, siye tukaishindwa."

Sheria inasema nini

Sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, haikusahau jambo hili. Asiyeacha wosia, watoto wake wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kila kundi linapata sehemu moja ya kumi na mbili. Tuseme motokari ina thamani ya dola 1,200. Watoto wana 900, mjane ana 100, wazazi wa marehemu 100, ndugu zake 100. Kumbe yule baba mdogo alikuwa na haki ya kusema neno, na watoto walikuwa na haki iliyo kubwa zaidi. Wote wawili walikuwa na haki, na gari ikafa katikati ya haki zao.

Sheria inagawa thamani, haigawi usukani na taa. Inasema pia kwamba mmoja asimamie ugawaji: mkubwa wa warithi, au akikataa, yule ambaye warithi wamemchagua. Hilo njo linakosekana kwetu. Kila mtu ni mrithi, hakuna msimamizi. Na gari haijui kungoja. Nyumba ikingoja miaka kumi, kiwanja kinabaki. Motokari ikingoja miaka kumi, kinachobaki ni ugomvi.

Tulichokubaliana

Katika mkutano uliopita tulikubaliana mambo manne, na tunawaomba wanachama wote wayashike.

Kwanza, mwenye motokari ya marehemu uani aipige picha kabla ya kugusa chochote: gari nzima, kibati cha namba, na mahali iliposimama kwenye kiwanja. Ni shahidi. Shahidi anasikilizwa kabla hajaondoka.

Pili, ndugu wakutane ndani ya mwaka mmoja, wamchague msimamizi, waandike jina lake. Walio Nyarugusu, Lubumbashi au Ulaya waongee kwa simu siku hiyo hiyo. Na kila mmoja aeleze neno kuuza analitumia kwa maana gani.

Tatu, fundi wa chama aitazame, aseme ukweli: inafufuka au haifufuki. Ikifufuka, mmoja awalipe wenzake aichukue, apewe na karatasi ya makubaliano. Isipofufuka, iuzishwe haraka ingali na vipande vyake, si bodi tupu.

Nne, mjane asisahauliwe siku ya kugawa.

Kwa ninyi marafiki mnaotuchangia: sanduku la funguo mlilotupa, na msaada wa kulipia safari za warithi na gharama za makaratasi, vinatumika kwa kazi hii. Huenda mlidhani vinafufua gari. Mara nyingi vinafufua mazungumzo ya ndugu waliotengana na vita mara mbili, na hilo ni gumu kuliko moteri.

Zimebaki motokari chache sana za wazazi wetu toka Kataki mpaka Lubuye. Hatutaziokoa zote, na si zote zinastahili. Lakini isife hata moja kwa sababu tulikuwa tunangojana. Katika mkutano ujao, mwenye carte rose ya papa aje nayo, hata kama gari haiko tena.